Divai Nyeupe ya Chablis: Udongo Wake, Ufundi Wake na Maneno Yake

Miaka michache iliyopita nilitakiwa na chuo kimoja cha hoteli kutafsiri kwa Kiswahili maelezo ya divai kadha za Ulaya, ili wanafunzi wapate kujua watakayowaambia wageni wao. Miongoni mwa divai hizo ilikuwamo divai ya Chablis, ya nchi ya Ufaransa. Maelezo yake yalikuwa mafupi: ni nyeupe, ni kavu, ina ladha ya madini. Nikatafsiri neno kwa neno, nikarudisha karatasi, nikadhani kazi imekwisha. Baadaye niliitwa kuzungumza na wanafunzi wale. Kijana mmoja akasimama, akaniuliza kwa adabu: "Mwalimu, kitu cha majimaji huwaje kikavu? Na hayo madini ni madini gani, dhahabu au chuma? Hayamdhuru anywaye?" Darasa zima lilicheka. Mimi sikucheka, kwa sababu sikuwa na jibu. Nilikuwa nimehamisha maneno bila ya kuyajua mambo yenyewe.

Makala haya ni jibu nililochelewa kulitoa. Nakusudia kueleza jinsi udongo wa mahali pamoja na ufundi wa watu wake unavyofanya divai moja mashuhuri kuwa kama ilivyo; kisha, kwa kuwa ninaandika kwa wataalamu wa lugha, nitatazama maneno yanayoisifu divai hiyo, nipime lipi linasema kweli na lipi linasema kwa mfano tu. Najua ya kuwa wasomaji wengi wa jarida hili hawanywi divai, na wengine wamekatazwa na dini yao. Lakini kujua jinsi kitu kinavyofanywa si kukinywa, na mwenye kutafsiri hana budi kuyajua hata yale asiyoyatumia.

Mahali penyewe

Chablis ni mji mdogo katika wilaya ya Yonne, upande wa kaskazini wa jimbo la Bourgogne, kiasi cha kilomita 180 kutoka Paris kwa upande wa kusini mashariki. Mto mwembamba uitwao Serein hupita hapo, na mashamba ya mizabibu yamepanda juu ya vilima kando zake mbili. Mji uko karibu na nyuzi 48 kaskazini ya Ikweta, basi baridi yake ni kubwa na majira yake ya joto ni mafupi. Zabibu huiva kwa shida na polepole. Jambo hili msomaji alikumbuke, kwa kuwa ndilo lenye kuchukua sehemu kubwa ya maelezo yote yatakayofuata.

Ukulima wa mizabibu hapo ni wa zamani. Mwaka 1114 watawa wa shirika la Cîteaux walianzisha nyumba yao Pontigny, si mbali na Chablis, nao walipanda na kutunza mizabibu kwenye vilima hivyo. Kwa muda wa karne nyingi divai ilishuka mtoni kwa mashua kwenda Paris. Katika karne ya 19 yakaja maafa mawili: reli ilileta Paris divai rahisi ya kusini, na mdudu aitwaye filoksera, mdogo mfano wa chawa wa mimea, alishambulia mizizi na kuua mizabibu. Kufikia katikati ya miaka ya 1950 yalikuwa yamebaki mashamba ya hekta 500 tu, au karibu na hapo. Leo yamezidi hekta 5,000.

Aina ya zabibu ni moja tu, Chardonnay. Sheria ya Ufaransa ya mwaka 1938 ililinda jina la Chablis, hata divai isiyotoka kwenye mipaka iliyowekwa isiweze kuitwa hivyo. Daraja zake ni nne: Petit Chablis chini kabisa, kisha Chablis, kisha Premier Cru, na juu yao Grand Cru. Daraja hii ya juu ina mashamba saba yenye majina yake, yaani Blanchot, Bougros, Les Clos, Grenouilles, Preuses, Valmur na Vaudésir. Yote saba yamo katika kilima kimoja cha ukingo wa kulia wa mto, kilichoelekea kusini magharibi, na jumla yake ni kiasi cha hekta 100. Mtu aweza kuyatembea yote katika asubuhi moja. Basi zabibu ni ile ile, mji ni ule ule, na wakulima ni wale wale. Kinachotofautisha daraja ni mahali mzabibu uliposimama.

Udongo na kazi yake

Chini ya vilima vya Chablis mna tabaka la mawe ya chokaa na udongo laini wa mfinyanzi uliochanganyika na chokaa. Wanajiolojia huliita tabaka la Kimmeridge, kwa jina la kijiji kimoja cha pwani ya kusini ya Uingereza ambako tabaka la umri huo huonekana wazi. Lilifanyika kiasi cha miaka milioni 150 iliyopita, mahali hapo palipokuwa chini ya bahari yenye joto. Ukiinama shambani waweza kuokota jiwe lililojaa visukuku vya chaza wadogo, wamepinda kama alama ya mkato. Juu vileleni liko tabaka jingine la chokaa, gumu zaidi na lenye umri mdogo kidogo, ambalo kwa desturi huitwa la Portland. Mashamba ya Petit Chablis aghalabu yamo juu ya tabaka hilo, na yale ya daraja za juu yamo kwenye miteremko ya Kimmeridge.

Katika nusu ya pili ya karne ya 20 ulizuka ubishi mrefu kati ya wenyeji. Baadhi walitaka jina la Chablis lishikamane na udongo wa Kimmeridge peke yake. Wengine walisema kuwa mteremko na jua vina kazi kubwa kuliko umri wa jiwe, na mashamba yapanuliwe. Mashamba yalipanuliwa. Nautaja ubishi huu kwa sababu, kwa mtazamo wetu, ulikuwa ubishi juu ya maana ya neno moja.

Sasa tuulize: udongo huo hufanya nini hasa? Hufanya kazi tatu zilizo wazi.

Kazi ya kwanza ni kugawa maji. Mfinyanzi huyashika maji ya mvua na kuyaweka akiba. Chokaa yenye nyufa huyaacha yaliyozidi yateremke. Kwa hiyo mizizi haizami katika tope wakati wa mvua, wala haiungui wakati wa kiangazi. Mzabibu unaopata maji kwa kiasi hauoteshi majani kupita haja yake, bali nguvu yake huiendea matunda.

Kazi ya pili ni ya umbo la ardhi. Tabaka gumu la juu na laini la chini ndiyo yaliyofanya mteremko. Mteremko unaoelekea jua la alasiri huivisha zabibu ambazo kwenye ardhi tambarare, katika nchi ya baridi kama hiyo, zisingeiva vema.

Kazi ya tatu ni kumpa mkulima taabu. Chokaa nyingi huuzuia mzabibu usipate chuma cha kutosha ardhini, majani yakageuka manjano. Baada ya maafa ya filoksera ilikuwa lazima mizabibu ya Ulaya ibebeshwe juu ya mashina yenye asili ya Marekani, kwa kuwa mizizi yake humstahimili mdudu. Lakini mengi ya mashina hayo hayaivumilii chokaa. Lililofaa Chablis ni shina chotara liitwalo 41B, mzazi wake mmoja ni wa Ulaya na wa pili ni wa Marekani. Huu ni mfano mzuri wa jinsi udongo unavyoamua: haumpi mtu ladha mkononi, bali humlazimisha achague.

Baridi

Adui mkubwa wa mkulima wa Chablis ni jalidi ya majira ya kuchipua. Mwezi wa Aprili mizabibu huwa imetoa machipukizi, na usiku mmoja wa baridi kali waweza kuyaua na kuondoa mavuno ya mwaka. Ilitokea hivyo katika miaka ya 1950, na tena mwaka 2016, 2017 na 2021. Wakulima hujikinga kwa njia mbili kubwa. Ya kwanza ni kuwasha mishumaa mikubwa na majiko ya mafuta kati ya safu za mizabibu, hata kilima kizima kikawaka taa usiku. Ya pili humshangaza mgeni: huinyunyizia mizabibu maji mfululizo ili maji yagande juu ya machipukizi. Maji yanapoganda hutoa joto, na maadamu yanaendelea kumiminwa, chipukizi lililo ndani ya barafu hubaki karibu na nyuzi sifuri, wala halifi.

Baridi hiyo hiyo inayotishia kuua ndiyo inayoipa divai tabia yake. Zabibu changa ina asidi mbili kubwa, ya tartari na ya maliki, na hii ya pili ndiyo iliyomo katika tufaa bichi. Katika nchi ya joto tunda hutumia asidi ya maliki upesi linapoiva. Katika nchi ya baridi sehemu kubwa hubaki. Ndiyo sababu Chardonnay ya bonde lenye joto la California hunukia matunda yaliyoiva sana na huwa laini kinywani, na Chardonnay ya Chablis hukumbusha ndimu na tufaa bichi.

Kazi ya kiwandani

Zabibu zikishavunwa, hukamuliwa mara katika shinikizo, na maganda hutengwa na maji yake. Hapa ndipo divai nyeupe inapoachana na nyekundu. Divai nyekundu huchacha pamoja na maganda, ikachukua rangi na ukakasi wake. Nyeupe hainao ukakasi, au inao kidogo tu.

Maji ya zabibu hutulizwa ili takataka zizame, kisha hamira huanza kazi. Hamira hula sukari na kutoa kileo na hewa ya kaboni. Kila gramu 17 za sukari katika lita moja hutoa takriban asilimia moja ya kileo. Chombo hupozwa, joto lisipande sana, maana joto kubwa hufukuza harufu nzuri. Kazi ikiachwa iendelee hata hamira ikose chakula, sukari inayobaki ni kidogo mno. Sheria za Ulaya huihesabu divai kuwa kavu, kwa kawaida, ikiwa sukari yake haizidi gramu 4 katika lita.

Baada ya hapo hufuata badiliko la pili. Bakteria huigeuza asidi ya maliki iwe asidi ya laktiki, ile ya maziwa yaliyoganda, ambayo si kali sana ulimini. Mahali pengine watu hulizuia badiliko hili ili kuhifadhi ukali. Chablis kwa desturi huliacha litimie, kwa kuwa ukali wa zabibu zao unatosha na kusaza.

La mwisho ni chombo. Zamani divai ya Chablis ilitiwa katika pipa dogo la mwaloni liitwalo feuillette, lenye lita 132. Leo wengi hutumia matangi ya chuma kisichoshika kutu, ambayo hayaongezi kitu; baadhi wangali wanatumia mapipa, lakini aghalabu makuukuu yaliyokwisha toa harufu yake ya mti. Mwaloni mpya ukizidi hufunika yote niliyoyaeleza. Divai hukaa juu ya mashapo ya hamira miezi kadha, ikapata unene kidogo, ndipo ikatiwa chupani. Ufundi wa Chablis, basi, kwa sehemu kubwa ni ufundi wa kujizuia.

Je, jiwe huonjwa?

Tumefika kwenye swali la yule kijana. Vitabu na wauzaji husema kuwa katika Chablis mtu huonja jiwe la chokaa, gumegume, hata magamba ya chaza wa kale. Je, madini hupanda kutoka ardhini hata kikombeni?

Kwa maana hiyo, sivyo. Mizizi hunyonya maji yenye chembe za potasiamu, kalsiamu, magnesi na nyinginezo zilizoyeyuka, hainyonyi jiwe. Nyingi za chembe hizo katika divai ni chache mno kuweza kuonjwa. Chokaa yenyewe haina harufu. Na chaza waliokufa miaka milioni 150 iliyopita hawana tena nyama wala chumvi, wamekuwa mawe. Mwanajiolojia Alex Maltman, aliyefundisha Aberystwyth, amelieleza jambo hili kwa urefu katika kitabu chake cha mwaka 2018 kuhusu mashamba ya mizabibu, miamba na udongo.

Lakini lingekuwa kosa kusema kuwa wanywaji wanaota. Kuna kitu wanachokihisi. Ukali wa asidi, uchache wa harufu za matunda, kukosekana kwa utamu na kwa mwaloni, hivyo vikikutana humkumbusha mtu jiwe lililolowa au maji ya chemchemi. Harufu ya gumegume lililopigwa nayo ina asili yake: mwaka 2003 wachunguzi wa Bordeaux walionyesha kuwa kiasi kidogo sana cha kikemikali kimoja chenye salfa ndani ya divai hutoa harufu ya namna ya moshi na gumegume. Kikemikali hicho hakikuchimbwa shambani. Basi "madini" ni jina la mfano walilopewa wahisiwa kadha waliokutana.

Tena jina hilo ni jipya. Gurudumu la harufu za divai, lililotungwa na Ann Noble na wenzake huko California katika miaka ya 1980 ili kusawazisha maneno ya waonjaji, halikuwa na neno la madini. Leo ni shida kusoma maelezo ya Chablis bila ya kulikuta. Divai haikubadilika kiasi hicho. Kilichobadilika ni usemi.

Wataalamu wa lugha wana ushahidi wao hapa. Adrienne Lehrer, mwanaisimu wa Marekani, alichapisha mwaka 1983 kitabu juu ya mazungumzo ya wanywaji wa divai. Aliwapa watu wa kawaida divai waieleze kwa maneno, kisha akawapa wengine maneno hayo waitambue divai iliyokusudiwa. Hawakufanikiwa sana, ingawa walizungumza kwa furaha na kudhani wanaelewana. Mwaka 2001 Gil Morrot na wenzake walitangaza jaribio lililofanywa kwa wanafunzi 54 wa elimu ya divai huko Bordeaux. Divai nyeupe ilitiwa rangi nyekundu isiyo na harufu. Wanafunzi wakaieleza kwa maneno ya divai nyekundu. Jicho lilikuwa limekwisha chagua msamiati kabla ya pua kusema.

Maneno yetu

Turudi kwenye Kiswahili. Historia ya msamiati huu imo ndani ya maneno yenyewe. "Mvinyo" na "pipa" tumevipata kwa Wareno. "Divai" hudhaniwa kuwa imetoka kwa Wafaransa, nayo imekaa pamoja na "shinikizo" katika lugha ya Biblia. "Zabibu" ni neno la Kiarabu ambalo kwao ni tunda lililokaushwa. Sisi tunalitumia kwa bichi na kavu pia. Nimechagua "divai" kwa kuwa "mvinyo" katika matumizi ya zamani huchukua hata vileo vikali.

Tatizo kubwa ni kusema kuwa divai haina sukari. Tukisema "divai isiyo tamu" tutakuwa tumeitukana, maana "tamu" kwetu ni yenye sukari na pia yenye kupendeza. Hata maji ya kisima yasiyo chumvi huitwa matamu. Tukisema "divai kali" msikiaji atafahamu kuwa kileo chake ni kingi. Mwanzoni niliona "kavu" ni tafsiri mbovu ya Kizungu, kama alivyoona mwanafunzi yule. Sasa nimeghairi. Kiswahili husema "wali mkavu" kwa wali usio na kitoweo, na "chai kavu" kwa chai isiyo na kitafunio. Chai hiyo ni ya majimaji, wala hapana anayeshangaa. "Kavu" hapa ina maana ya kitu kisichofuatana na kingine. Divai kavu, basi, ni divai iliyobaki peke yake, sukari yake imekwenda zake. Neno limefika kwa njia ya kigeni, lakini limeikuta nyumba imekwisha jengwa.

Kwa ladha nyingine tuna mali ya kutosha. Ukali wa asidi tuuite "ugwadu", neno tunalolitumia kwa embe bichi na ukwaju. Kile kinachokausha ulimi kama bibo ni "ukakasi", nacho ni cha divai nyekundu. Harufu ya moshi wa jiwe ni "gumegume", neno walilolijua wazee wetu kwa bunduki zao. Ama "ladha ya madini", napendekeza tuiache. Kwa msemaji wa Kiswahili madini ni mali ichimbwayo, na neno hilo lingempa habari isiyo kweli. Tuseme kinachohisiwa: ina ugwadu, ni kavu, harufu yake yakumbusha jiwe lililolowa. Aliyesikia "yakumbusha" hatadanganyika.

Haya si mambo ya Wafaransa peke yao. Huko Dodoma wakulima huvuna zabibu mara mbili kwa mwaka, katika joto na udongo usiofanana hata kidogo na wa Chablis, na divai yao huuzwa na kuelezwa. Wakiazima maneno ya Chablis pamoja na mifano yake, watakuwa wanasifu jiwe lisilokuwamo kwao wala kwa wenyewe. Jina la Chablis lenyewe lilikwisha patwa na mkasa wa namna hiyo: huko Marekani, kwa muda mrefu, lilibandikwa kwa divai nyeupe yoyote, hata yenye sukari, mpaka mapatano na Ulaya ya mwaka 2006 yalipozuia matumizi mapya. Neno lililotengwa na udongo wake lilikuwa halisemi kitu.

Karatasi ile ya chuo nimeiandika upya. Sentensi moja imekuwa nne, na hapana hata moja yenye neno madini.